Jiwe Lililopita Karibu

Watu wa kwetu Nyahanga walimwita Bwana Mvua, na hakuna jina lililomuudhi kama hilo. "Mimi sileti mvua," alikuwa akisema, "mimi napima iliyokwisha kuja." Alimwambia hivyo mtu wa kwanza asubuhi na mtu wa mwisho jioni, nao wote walimwitikia vizuri tu: ndiyo, tumeelewa, Bwana Mvua. Basi akachoka, jina likabaki. Kwao ni wapi na nani walimzaa, mimi sikuwahi kupata habari, na waliojifanya wanajua walikuwa wanabuni.

Kazi yake ilikuwa kwenye kituo cha kilimo, nje kidogo ya mji wa Kahama. Kila siku saa tatu asubuhi alifungua kopo la shaba lililosimikwa ndani ya uzio wa waya, akamimina maji yaliyomo kwenye chupa nyembamba yenye mistari, akasoma mstari, akaandika kwenye daftari. Siku isiyo na mvua alikwenda vilevile. Alifungua kopo kavu, akachungulia ndani, akaandika sifuri. Na huku kwetu siku za sifuri ndizo nyingi. Nilipoolewa nikahamia nyumba inayotazamana na uzio ule, nilimwona akichungulia kopo kavu miezi mitano mfululizo, nikajua huyu mtu ana kasoro. Siku moja nikamuuliza kwa nini asiziandike sifuri zote kwa mara moja, akaenda zake kupumzika. Akanitazama kana kwamba nimemwambia aache kuswali.

"Mama Kulwa," akasema, "sifuri nayo ni habari. Nikiiandika bila kuiona, huo ni uzushi."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia fulani kafa, atakuuliza nani aliona. Ukimwambia fulani kaoa, atakuuliza uliambiwa lini na nani. Watu walimkimbia kisimani kwa sababu umbea haunogi mbele ya mtu wa namna hiyo. Na akiulizwa jambo asilolijua alijibu "Sijui", akanyamaza, wala hakuongeza neno la kuipamba hiyo sijui. Mimi nimekulia katikati ya wanaume ambao hawajawahi kulitamka neno hilo maishani, kwa hiyo mwanzoni nilidhani ana kiburi.

Kuna mwaka mbuzi wa jirani aliingia ndani ya uzio, akasukuma kopo, akanywa mvua ya siku nzima. Mtu mwingine angekisia. Mvua ile tuliiona wote, ilikuwa ya wastani, andika namba ya wastani ukale ugali wako. Yeye aliandika: "Haijulikani. Mbuzi." Wakubwa wake wa Mwanza wakamletea barua ya kumtaka ajieleze. Akawajibu kwa barua ndefu iliyomtaja mbuzi kwa rangi yake, saa aliyoingia, na upande wa uzio uliolegea, akaomba waya. Waya ulikuja baada ya miaka miwili. Mpaka leo sijajua kama pale Mwanza walicheka au walikasirika.

Wakati wa ukame akina mama walimpelekea kuku ili afungue kopo mvua itoke. Aliwarudisha na kuku wao, akiwaeleza polepole jinsi kopo linavyofanya kazi, mpaka akina mama wakasinzia. Lakini mimi nilikuwa namtazama kutoka jikoni kwangu, na nitasema nilichokiona. Mwaka mmoja, baada ya sifuri nyingi mno, alipomaliza kuandika alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akalipiga kopo kwa kidole, ko ko ko, kama mtu anayebisha hodi. Nilicheka mpaka nikamwamsha Doto mgongoni.

Na huyo Bwana Mvua aliogopa radi. Wingu likianza kunguruma aliacha kila kitu, akaingia nyumbani na kujifunika blanketi mpaka kichwani. Mume wangu, Baba Kulwa, alipenda sana kumtania. "Mzee, wewe ndiye mwenye mvua, mbona unaikimbia?" Yeye hakuona aibu hata kidogo. "Radi nina ushahidi nayo," alisema. "Tangu nianze daftari hili imeua ng'ombe wa jirani zangu na imeua watu niliowazika kwa mikono yangu. Mtu aogope kitu chenye ushahidi. Hicho ninyi mnachokiogopa, kimondo kikikata mbingu mnasema mtemi kafa, hakijaua hata kuku."

Hakuwa anasema mawe hayaanguki kutoka angani. Hapo watu walimkosea. Mchimbaji mmoja wa dhahabu wa Nyarugusu alimletea jiwe jeusi zito, akaapa limetoka juu. Bwana Mvua alilishika, akalisogezea sumaku, akalikwaruza kwa msumari, akaliweka kwenye maji, mchana mzima, na mwisho akasema, "Sijui." Mchimbaji akaondoka kwa hasira. Mimi nikamuuliza, hivi kweli yapo mawe ya hivyo? "Yapo," akasema. "Kule kusini, Mbozi, lipo moja la chuma tupu, refu kuliko kitanda chako. Lilianguka zamani mno hata wenyeji hawana hadithi ya mtu aliyeliona likianguka. Yanaanguka, Mama Kulwa. Ila makubwa huanguka kwa nadra hata ukoo mzima unaweza kuzaliana na kuzikana bila kuliona moja."

Sasa nifike kwenye ubaya wenyewe, maana bila huo nisingekuwa na sababu ya kumsimulia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Gazeti lilikuja na basi kutoka Shinyanga, limechelewa siku nne au tano, na Bwana Mvua ndiye aliyetusomea barazani dukani, kwa sababu alisoma wazi na hakuruka neno. Siku hiyo akasoma kwamba jiwe kubwa la angani, linalolizunguka jua kama sisi, litapita karibu na dunia mwezi wa sita. Alisoma kama lilivyoandikwa: litapita karibu. Kisha akasoma na maili zake, mamilioni, lakini maili kwetu hazina maana. Sisi tulijua siku za mwendo kwa miguu.

Neno tulilolijua ni karibu. Na Msukuma umwambie mtu anapita karibu na nyumba yako, ameelewa nini? Ameelewa anaingia. Kwetu hakuna mtu anayepita karibu akaenda zake. Akionekana tu njiani ataitwa, atapewa kigoda, maji na kiporo. Asipoingia ni mchawi au ana ugomvi na wewe. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale barazani na kikapu chake. Akauliza, "Linapita kalibu?"

"Karibu," akasema Bwana Mvua, akidhani anamsahihisha matamshi.

"Basi linaingia," akasema mama mkwe, akajitwika kikapu chake akaondoka.

Kufikia alasiri, kisimani, lilikuwa tayari linaingia. Kesho yake lilikuwa linaingia Kahama. Mwisho wa wiki watu wa Ushirombo walikuwa wanauliza kama litaanza kwao au kwetu. Pamba ilikuwa imepasuka shambani, nyeupe, inangoja mikono, na watu wakaacha kuchuma. Ya nini? Wakala kuku. Wakala mbuzi. Wakapika pombe ya mtama waliouweka kwa ajili ya mbegu. Sikuwahi kuona watu wakila vizuri vile na nyuso zimekunjamana vile.

Baba Kulwa akachinja maksai.

Tulikuwa na maksai wawili, wamezoeshwa pamoja, wanajua mstari wao na wanageuka wenyewe mwisho wa shamba. Maksai mmoja peke yake havuti plau. Nililia, nikamshika mkono. Mama mkwe naye, pamoja na imani yake yote kwenye jiwe, alimwambia mwanawe, "Ngoja kwanza, walau ngoja siku yenyewe." Baba Kulwa alisema hataki kufa akiwa ameliachia jiwe nyama yake. Alichinja asubuhi akiwa mchangamfu, akaita watu. Nami nikala, njaa haina heshima, nikala huku nikijua ninakula shamba letu la mwaka ujao.

Bwana Mvua alipopata habari hiyo alikuja mbio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa wakati wa radi. Akaikuta ngozi imetandazwa juani. Jumapili ile akawangoja watu nje ya kanisa, yeye Mwislamu, akiwa na kaptula yake ya kazi iliyopigwa pasi.

"Nataka watu wa kutembea na mimi," akasema. "Sitawahubiria. Nataka miguu tu."

Tulifuatana naye kama watu thelathini mpaka nyumbani kwake. Alikuwa amepiga hesabu nyuma ya karatasi ya zamani. Akasema: tuseme dunia nzima, na bahari zake, na Kahama ndani yake, ni nyumba yangu hii, upana wake hatua sita. Halafu akaokota punje ya mchanga, akamwekea mama mkwe wangu kwenye ncha ya kidole. "Hilo ndilo jiwe, mama. Huo ndio ukubwa wake mbele ya nyumba. Libebe." Akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Tukatembea. Tukapita mashamba, tukapita josho la ng'ombe, jua linachoma, yeye anahesabu, mama mkwe amenyoosha kidole mbele kama aliyejikata. Tulipofika kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba alikuwa amefika hatua elfu tatu. Nyumba yake haikuonekana tena.

"Jiwe litapita hapa," akasema. "Hapa tulipo. Wanaopima nyota huko kwao hii ndiyo wanaita karibu. Haya, mama, tuonyeshe jiwe."

Mama mkwe akatazama kidole chake. "Limepotea," akasema.

"Limepotea wapi?"

"Sijui, baba. Nilikohoa pale kwenye josho."

Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, halafu wote thelathini tukacheka mpaka wengine wakakaa chini barabarani. Woga ulitoka hapo, na kesho yake watu walirudi kwenye pamba. Siku ya jiwe yenyewe ilipofika, mimi nilikwenda kuchungulia daftari lake. Alikuwa ameandika: "Mvua 0. Jiwe 0."

Lakini maksai wangu alikuwa ameshaliwa. Baada ya wiki mbili Baba Kulwa alifunga mzigo wake. Alikuwa ameizoea njia ya Nyarugusu, maana kila kiangazi alikuwa akiwapelekea wachimbaji karanga na unga. Safari hii alisema anakwenda kuchimba mwenyewe, apate maksai mwingine kabla ya mvua. Aliwabusu Kulwa na Doto, waliokuwa wa miaka miwili. Hakurudi. Mwanzoni nilihesabu wiki, kisha misimu, kisha nikaacha. Wapita njia walisema yupo, mzima, ananenepa.

Mwanamke aliyeachwa anahitaji mtu wa kumlaumu, na aliyekuwa jirani yangu ni Bwana Mvua. Ni yeye aliyesoma neno lile. Mtu wa kupima kila kitu, neno hilo moja hakulipima. Sikumtukana, nilimnunia tu, na kununa kwangu nakujua, ni kwa miaka. Nilimwamkia kwa kuwa ni mkubwa, nikaishia hapo.

Yeye aliipokea hiyo adhabu bila kuuliza. Mvua za kwanza zilipokuja mwaka ule, nilikuwa shambani na jembe la mkono, watoto chini ya kanga, nikamwona anaingia kutoka mwisho wa pili wa shamba na jembe lake. Akalima kuja kwangu. Hakuwa mkulima, matuta yake yalipinda kama njia ya nyoka. Sikumkaribisha wala sikumfukuza. Alikuja hivyo kila msimu, mpaka watoto walipokua wa kushika jembe, na sikumpelekea hata kata ya maji. Nalisema hili kwa sababu lilitokea.

Na kuanzia mwaka ule neno karibu lilimtoka kinywani. Ukibisha hodi kwake alisema, "Pita ndani." Ukiwa unapita njiani naye anakula alisema, "Njoo tule." Wageni wakamwona mtu mkavu, hajui kukaribisha, na alikuwa mtu mkarimu kuliko wengi. Shule iko wapi? "Mwendo wa robo saa." Mvua imekaribia? "Sijui."

Miaka ikaenda. Doto akaolewa Bukombe, Kulwa akapata kazi ya udereva wa trekta. Kituo cha kilimo kikafungwa, wafanyakazi wakastaafishwa, lakini yeye aliendelea kwenda kwenye kopo lake ingawa hakuna aliyelitaka tena daftari. Macho yakaingia ukungu. Akawa anasoma maji kwa kuingiza kidole kwenye chupa.

Katikati ya miaka ya themanini redio ikatangaza ujio wa nyota yenye mkia, na maneno yakaanza upya. Mkia utafagia dunia, mkia una sumu, kuna padri kaota. Akina mama wa jumuiya yetu wakakaa, wakasema aitwe Bwana Mvua aje aseme, na wakanituma mimi, kwa kuwa ni jirani. Hawakujua kwamba nilikuwa sijakanyaga kwake kwa miaka kumi na minane. Nikaenda, mchana, nikamkuta amekaa nje kwenye kiti chake cha kamba, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Kulwa." Alinijua kwa sauti. "Kulwa na Doto hawajambo?"

Nikamweleza nilichotumwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Nyota hiyo haina neno. Imekuja mara nyingi, wazee wa wazee waliiona, na sisi tupo. Waambie hivyo wewe. Mimi nilishawasomea watu jambo la angani mara moja, na wewe ndiye uliyelipa."

Hapo nikaona ni afadhali niseme. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimemtazama mtu yule akilima matuta yake yaliyopinda, na moyoni nilikuwa nimeshamsamehe bila kumwambia, kama mtu anayeficha chakula. Nikakaa chini kwenye mkeka.

"Mzee, nimekuwekea kinyongo miaka mingi, na sikukutendea haki. Baba Kulwa aliondoka kwa miguu yake. Si wewe uliyemfukuza."

"Najua," akasema.

Alisema haraka mno, kisha akakishika kikombe kwa mikono miwili. Nilimfahamu mtu huyu. Hakuwa mtu wa kusema najua kwa kitu alichokikisia.

"Unajuaje?"

"Unaniuliza, Mama Kulwa?"

"Ninakuuliza."

"Ukiuliza itabidi nijibu." Akangoja kidogo, labda nibadili nia. Sikubadili. "Mwaka uleule, mwezi wa nane, nilichukua likizo nikaenda Nyarugusu. Nilikuwa na ng'ombe wangu mtamba, alikuwa analelewa kwa rafiki yangu kule Isaka. Nilitaka kumwambia Baba Kulwa aje amchukue, abadilishe apate maksai, arudi nyumbani. Nilimkuta. Alikuwa na nyumba ya bati. Alikuwa na mke humo. Uani kulikuwa na mtoto wa kike anakimbiza kuku."

"Anatambaa?"

"Anakimbia. Meno yamejaa mdomoni."

Nilihesabu. Si hesabu ngumu. Mtoto anayekimbia mwezi wa nane hakuzaliwa baada ya mwezi wa sita. Alikuwa sawa kwa umri na Kulwa na Doto. Zile karanga za kila kiangazi, uchangamfu ule wa asubuhi ya kuchinja, yote yakaja kukaa mbele yangu pale kwenye mkeka. Baba Kulwa hakuogopa jiwe lolote. Alikuwa anatafuta sababu ya kuondoka, na jiwe likampa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Ungejisafisha siku ileile. Umenilimia shamba na mimi nakunyima maji, na ulikuwa nalo hilo."

"Hukuniuliza," akasema. Halafu, kwa kuwa alijua hilo si jibu zima, akaongeza: "Ulikuwa unalima kwa hasira. Niliona ile hasira inakusimamisha, una watoto wawili na jembe moja. Ungejua ukweli, ungekaa chini. Nikaona afadhali uninunie mimi, niko hapo ng'ambo, unaweza kuninunia kila siku."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nililia pia, sitaficha, na sikujua ninamlilia nani. Yeye hakusema pole. Alingoja, macho yake ya ukungu yakitazama upande wa uzio.

Nilipotulia akakohoa kidogo. "Yule mtoto," akasema, "jina lake walinitajia. Na baadaye nilisikia alikoolewa, si mbali na hapa. Unauliza?"

Nikamwambia siulizi, bado, nikanyanyuka, nikakichukua kikombe mkononi mwake na kuingia ndani kumpashia chai, maana ilikuwa imepoa.